Chakula cha Mchana na Rafiki Mkristo Katika Hoteli Yenye Baa

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Jinja. Hivi karibuni rafiki yangu Mkatoliki, ambaye tulilala bweni moja shuleni, alinialika chakula cha mchana katika hoteli ya zamani iliyofanyiwa ukarabati. Baada ya ukarabati huo, baa imewekwa katikati ya ukumbi wa kulia chakula. Mimi nilikula samaki na pilau ya nyama. Yeye aliletewa glasi ya mvinyo, na aliponiona nimenyamaza akamwambia mhudumu aiondoe. Yeye ndiye aliyelipa, na pensheni yake inatoka katika kiwanda cha bia alikofanya kazi. Ustadhi mmoja wa mtaani kwetu ameniambia kwamba swala zangu hazikubaliwi kwa siku 40, kwamba ni lazima nikate urafiki huo, na kwamba vijana Waislamu waliouawa Namugongo zamani walikubali kufa kuliko kula nyama kama ile. Tangu hapo sijapokea simu za rafiki yangu, naye anatibiwa saratani katika hospitali ya Mulago, Kampala. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, mzee wangu. Nimelitanguliza swali lako mbele ya mengine kwa sababu kuna mgonjwa anayepiga simu na hapokelewi, na asiyempokea amefundishwa kwamba kufanya hivyo ni ibada. Chakula ulichokula ni halali, swala zako ni sahihi, na huna kafara yoyote juu yako. Hayo yangetosha kama fat'wa, lakini maneno uliyoambiwa yanasemwa pia kwa wengine, hivyo sina budi kuyajibu.

Kuhusu siku 40, hadithi ipo, nayo wameipokea wanahadithi Tirmidhi na Nasai, lakini inamzungumzia mtu aliyekunywa pombe. Haimtaji aliyekaa katika jengo inamouzwa, wala aliyekula samaki karibu na mnywaji. Kuichukua adhabu ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, ameitaja kwa mtenda dhambi fulani na kumtwika nayo mtu asiyeitenda ni kumzulia Mtume jambo ambalo hakulisema, na mwenye kuthubutu hilo aihofie nafsi yake kabla ya kuzihofia swala za wazee. Hata huyo mnywaji, wanazuoni wamefafanua kwamba anachokosa ni thawabu, na faradhi ya kuswali haimwondokei. Kama uliwahi kuzirudia swala zozote kwa sababu ya maneno hayo, usizirudie tena.

Hadithi ambayo kweli inahusu jambo lako ni ile ya sahaba Jabir, kwamba anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Hii ninaichukua kwa uzito wake, na sikubaliani na wale wanaoipuuza kwa kisingizio cha biashara au harusi za wakubwa. Lakini tazama kilichotokea: glasi ililetwa, ukanyamaza ukionyesha kutoridhika, na rafiki yako akaiondoa kabla ya kuinywa, tena kwa kukuheshimu wewe. Meza yenu haikuwa meza ya pombe. Ingekuwa bora useme kwa ulimi, kwa upole, na uombe kiti kilicho mbali na baa, kwa kuwa kukaa mkabala nayo pasipo haja kunachukiza hata kama watu wa meza nyingine hawakuhusu. Iwapo siku hiyo palikuwapo mahali pengine pazuri pasipo na baa, hapo ndipo palipostahili kutangulizwa. Ila baina ya kuacha lililo bora na kufanya haramu kuna masafa marefu, na ustadhi wako ameyaruka yote kwa hatua moja.

Huenda akakutajia kisa cha Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyeamuru wanywaji waadhibiwe pamoja na mtu aliyekuwa amefunga miongoni mwao, akitoa hoja ya aya ya 140 ya Suratun-Nisaa. Kisa hicho kinahusu kikao kilichoitishwa kwa ajili ya kunywa, na mtu aliyekwenda kuwa mwenzao humo. Wewe uliitwa kula.

Sasa nije kwenye Namugongo, kwa maana hapa ndipo nilipokereka zaidi. Vijana wale waliouawa kwa amri ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Kwanza mnamo 1876 ni fahari ya Waislamu wa Uganda, na haifai damu yao itumiwe kutishia watu kwa jambo ambalo hawakulifia. Walikataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka, ambao hawakuwa Waislamu wala hawakuwa Watu wa Kitabu, yaani Wakristo na Mayahudi, na walikataa pia kuswali nyuma ya mfalme ambaye hakutahiriwa. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na wa Kikatoliki wakafuata mwaka 1879. Basi vijana hao waliwezaje kufa kwa kukataa nyama ya Wakristo, ilhali wamisionari wa Kikristo hawakuwa wamefika bado? Chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa katika aya ya 5 ya Suratul-Maida, na aya hiyo hiyo imehalalisha kuwaoa wanawake wao walio safi. Dini iliyokuruhusu kuwa na mke Mkristo nyumbani kwako haiwezi kukuharamishia kula mchana mmoja na rafiki Mkristo.

Tena nyama yenyewe, kwa desturi ya muda mrefu katika nchi yetu, huchinjwa na Waislamu katika machinjio mengi ya umma, na wenye mahoteli wanalijua hilo kwa kuwa hawataki kuwapoteza wateja wa Kiislamu. Aliyeshuku na amuulize mhudumu, na akipata jibu la kuridhisha ale. Bibi Aisha ameeleza kwamba watu walimwambia Mtume kuwa wanaletewa nyama na hawajui kama imetajiwa jina la Mwenyezi Mungu, naye akawaambia walitaje wao kisha wale. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Hukutakiwa ukaikague jikoni, isipokuwa kitu kimoja ambacho ni haki yako kukiuliza mahali panapopikwa nguruwe: kama chipsi zinakaangwa katika mafuta yake. Masufuria na sahani zikioshwa hazina tatizo, kwani sahaba Abu Tha'laba alipomuuliza Mtume juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu aliambiwa avioshe na avitumie akikosa vingine.

Ama pensheni ya kiwanda cha bia, mwenye kuulizwa juu ya kazi ile ni aliyeifanya. Sahaba Ibn Mas'ud aliulizwa juu ya jirani anayekula riba kisha akamwalika mtu chakula, akajibu kwamba raha ya chakula hicho ni yako na dhambi ni juu ya huyo jirani. Na Mtume mwenyewe alikula nyama ya kondoo aliyoletewa na mwanamke wa Kiyahudi kule Khaybar, na alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi, hali ya kuwa Qur'ani imekwisha kuwataja Mayahudi kwa kula riba. Ingekuwa ni sisi kuchunguza mifuko ya kila anayetualika, mzee wangu, hapa Jinja tungebaki na njaa.

Lililobaki ni urafiki, nalo ndilo lililonisumbua. Aya zinazokataza kuwafanya wasio Waislamu walinzi na wandani zinazungumzia kushikamana nao dhidi ya umma wako. Kumfanyia wema jirani na mwenzako wa ujanani ni jambo jingine, na aya ya 8 ya Suratul-Mumtahina imelitaja waziwazi kwa wale wasiotupiga vita. Alikuwapo kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia Mtume, akaugua, na Mtume akaenda kumtembelea, akakaa kichwani pake. Ikiwa Mtume alikwenda kwa mtumishi wake, wewe una hoja gani ya kutokwenda kwa mtu mliyelala naye bweni moja?

Kwa hiyo mpigie simu leo, kabla hujamaliza hata kuyatafakari maneno yangu. Mwombe radhi kwa kimya chako, na usimwambie kwamba dini ndiyo iliyokuzuia, kwa kuwa haikukuzuia. Siku atakayokuwa na dawa kule Mulago, kama afya yako inakuruhusu, mfuate, kwa maana safari ya kutoka Jinja hadi Kampala ni nzito kwa mtu anayetoka kwenye matibabu. Muulize daktari amemruhusu kula nini, kisha umwalike nyumbani kwako, na safari hii gharama iwe yako.