Goti lilinitoa uwanjani, mbalamwezi ikanipa kazi

Mkuu, umeuliza: una miaka 22, goti limekukatisha soka, unapenda kuchora na kupiga video, na nyumbani wanataka uchague kimoja. Mimi nilikuwa winga hapahapa Kigoma, namba saba, mpaka siku mwili ulipogeuka na mguu ukabaki chini. Timu ilinipa barafu na nauli. Tuyaache hayo.

Kazi ya kwanza niliipata Kibirizi, kuandika majina ya boti za dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki, boti zinapumzika ufukweni siku kadhaa. Hizo ndizo siku zangu. Unapiga msasa ubavuni, unasubiri mbao zikauke kwelikweli (boti ya kwanza sikusubiri, jina la mama wa tajiri likabanduka ndani ya wiki mbili, nikarudia bure), unapiga mstari kwa uzi wenye chaki, ndipo unashika brashi. Anza kupima katikati ya jina. Ukianza na MUNGU NI kwa mbwembwe, MWEMA itabanana kule mwisho kama abiria wa daladala.

Giza likirudi, wavuvi wako ziwani nami sina kazi. Ndipo nikaingia video za harusi Ujiji. Shaabani hulali, Ramadhani kamera inalala. Huku soka likanilipa. Winga hutazama nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia. Ukumbini wenzangu wote wanamganda bibi harusi. Mimi namwangalia shangazi aliyeanza kujifunga khanga kiunoni. Akiingia kati kutunza, nishakaa upande wenye mwanga.

Utangazaji wa ndondo, soka la mtaani, naupenda kuliko vyote, ila malipo yake ni soda na sifa. Fainali ya Simba na Yanga ilipoletwa uwanja wa Lake Tanganyika Julai 2021 nilichora mashavu, shavu moja buku. Lwanga wa Simba akafunga bao pekee, na rangi nyekundu ingekuwepo zaidi ningeimaliza jioni ile. Ya njano ninayo mpaka leo.

Sasa kosa langu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua, Mei 15 hadi Agosti 15. Nikasema nimeula: miezi mitatu boti zote ziko nchi kavu! Kumbe boti isiyovua haina hela ya rangi. Nikakimbilia harusi, nazo zikasinyaa, maana mwenye harusi naye ni muuza dagaa au mpwawe. Nilijiona nina fani tatu, kumbe zote zinakunywa ziwa lilelile. Kilichonivusha ni kuta za chekechea: ramani ya Afrika, irabu, twiga mwenye shingo fupi kwa sababu dari ilikuwa chini. Ada za wazazi watumishi haziangalii mwezi.

Kwa hiyo chora na upige video, usiache kimoja. Ila kabla ya kuongeza fani ya tatu, jiulize anayelipa hela yake anaitoa wapi. Alikiba alishatamba kwenye muziki ndipo akasajiliwa timu ya soka ya Coastal Union mwaka 2018. Sisi wengine tunakwenda njia hiyo kinyumenyume, na mfuko hauna akiba.

Na hilo goti, usirudi ndondo kwa kuwa uvimbe umeisha. Nilirudi mara mbili. Leo nikiandika kibao cha duka, kushuka ngazi naanza na mguu wa kulia, kisha nausubiri wa kushoto, ngazi moja moja.