Kilo za mashine na kilo za mkononi: majibu ya maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu mashine za mazoezi za nyumbani, zile za fremu ya chuma, waya, roda (magurudumu ya kupitishia waya) na rundo la vyuma vya uzito. Tumeanza na swali lililojirudia kuliko mengine.

Gym ya Kampala navuta kilo 40 kwa taabu. Mashine niliyoweka sebuleni nayo imeandikwa kilo 40, lakini naivuta kama mchezo. Je, nimeuziwa vyuma feki? (Msomaji, Entebbe)

Huenda vyuma ni halali kabisa. Tazama waya unavyopita. Ikiwa umefungwa moja kwa moja kwenye rundo na kupita tu kwenye roda zilizokaa mahali pamoja, kilo 40 zinafika mkononi karibu zote. Lakini ikiwa juu ya rundo kuna roda inayopanda pamoja na vyuma, pande mbili za waya zinagawana mzigo, na wewe unabeba nusu, yaani kilo 20. Hakuna cha bure hapo, kwani mkono unasafiri umbali mara mbili ili vyuma vipande mara moja.

Kipimo ni rahisi. Vuta mshikio sentimita 50, mwenzio apime vyuma vimepanda kiasi gani. Vikipanda 50, namba ni ya kweli. Vikipanda 25, igawe kwa mbili. Mwenye mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza nyama, aiunganishe kati ya waya na mshikio, avute polepole na kusoma. Ataona pia kwamba wakati wa kupandisha mizani inasoma zaidi kuliko wakati wa kushusha. Huo ni msuguano wa roda na nondo za kuongozea vyuma. Mkono wa kusukumia kifua na ule wa kunyooshea miguu ni wenzo (lever), kwa hiyo nayo ina hesabu yake.

Basi usilinganishe namba za mashine mbili. Andika kwenye daftari namba za mashine yako, ulinganishe za mwezi huu na za mwezi uliopita. Na uhakikishe unasoma kilo: mashine nyingi za Marekani zimeandikwa kwa pauni, na pauni 100 ni kilo 45 tu.

Vyuma vinakwama katikati vikipanda, kisha vinaruka. Nilipaka mafuta ya kupikia, ikatulia wiki moja, sasa hali ni mbaya zaidi. (Mbarara)

Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na gundi hushika vumbi. Kwa vumbi letu jekundu la kiangazi, wiki moja inatosha. Grisi nayo ina tabia hiyohiyo. Futa zile nondo mbili za kuongozea kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, zikaushe vizuri, kisha nyunyiza silikoni kwenye kitambaa (si kwenye nondo) na uzipake kutoka juu hadi chini. Kila baada ya wiki mbili au tatu inatosha. Anayekaa karibu na ziwa akague kutu pia. Ikiwa nyepesi, inatoka kwa msasa laini sana kabla ya silikoni. Waya wenye ganda la plastiki usiupake chochote.

Bado vinakwama? Basi kosa liko kwenye fremu. Weka pima maji juu ya boriti ya chini, na kama sakafu imeinama, ingiza kipande cha raba ngumu chini ya mguu ulio mfupi. Kosa la pili, ambalo mafundi hulifanya kila siku, ni kukaza bolti moja moja wakati wa kuunganisha. Nondo zinabaki zimepishana kidogo, na vyuma vinabanwa. Legeza bolti zote za fremu nusu mzunguko, pandisha na kushusha vyuma mara kadhaa vikiwa vyepesi ili nondo zijipange, kisha kaza kuanzia chini kwenda juu. Mwisho zungusha kila roda kwa kidole. Inayokwaruza au kuyumba imekwisha beringi. Ibadilishe, usiitie mafuta.

Waya umeanza kuchanika karibu na mshikio. Fundi wa boda anasema ataniwekea waya wa klachi. Nikubali? (Arua)

Hapana. Waya wa klachi umetengenezwa kuteleza ndani ya ganda lake, si kujikunja juu ya roda mamia ya mara kwa siku chini ya uzito. Utakatika nyuzi moja moja kwa ndani, na siku utakapokatika wote utakuwa umevuta kwa nguvu zako zote, upau ukiwa mbele ya uso.

Tafuta waya laini wa nyuzi nyingi za chuma uliofunikwa kwa nailoni. Pima unene wa ule wa zamani pamoja na ganda lake, kwa kawaida ni milimita 5 au 6, maana mwembamba hukwama pembeni mwa roda na mnene huruka nje. Pima na urefu wake kabla hujautupa. Ncha zibanwe kwa mashine ya kubana, wala zisichomelewe, kwa sababu joto huulainisha waya pale pale unapobeba mzigo. Ile bolti ya kurekebisha urefu juu ya rundo iingie ndani angalau sentimita 1.5, kisha nati yake ikazwe. Tangu leo hadi waya mpya ufungwe, mashine isiguswe. Na msitumie msumari badala ya pini ya kuchagulia uzito iliyopotea. Tumeulizwa hilo pia.

Nina dakika 40, mara tatu kwa wiki. Nianze na nini? (Dada wa Ntinda)

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dada, ili misuli ipate siku ya kupumzika katikati. Fanya haya sita: kusukuma kwa kifua, kuvuta upau kutoka juu, kuchuchumaa, kuvuta kwa kukaa kutoka roda ya chini, kunyoosha miguu, na kusukuma juu kwa mabega. Kuchuchumaa hakuhitaji mashine, na ndiko kunakofaa kuliko hicho kiti cha kunyooshea miguu, kwa maoni yetu. Upau ushuke hadi juu ya kifua, si nyuma ya shingo. Kwenye kiti cha miguu, goti likae sambamba na bawaba ya mashine. Likiwa mbele au nyuma yake, pedi inakwaruza na goti linavutwa vibaya.

Mwezi wa kwanza fanya seti mbili (seti ni marudio ya mfululizo kabla ya kupumzika) za kila zoezi, baada ya seti moja ya kupasha mwili kwa nusu ya uzito. Chagua uzito unaokufikisha marudio 8 hadi 12 ukihisi bado ungeweza mawili, si matano. Pandisha kwa sekunde moja au mbili, shusha kwa tatu. Vyuma vikigongana kwa kishindo, jua kwamba uzito umekushinda au umechoka. Pumzika dakika mbili kati ya seti.

Ukifikisha 12 katika seti zote mbili kwa siku mbili mfululizo, ongeza chuma kimoja. Hapa mashine za nyumbani zina tatizo: kutoka kilo 10 kwenda 15 ni ongezeko la nusu nzima, na bega halitakubali. Ngoja ufike marudio 15 hata 18 ndipo uhamishe pini, ukubali kurudi kwenye 8. Nguvu ya wiki za mwanzo inaongezeka haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kazi. Misuli yenyewe inachelewa, kwa hiyo kioo kisikukatishe tamaa.

Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi si wa kawaida; nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nina miaka 64 na presha. Mwanangu ameniletea mashine. Je, inanifaa? (Jinja)

Shikamoo mzee. Inafaa, na Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Muone daktari wako kwanza, na siku ambayo kipimo kimefika 180 kwa 110 usiinue kitu. Tumia uzito mwepesi wa marudio 10 hadi 15. Toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudisha. Kubana pumzi ndiko kunakopandisha presha ghafla. Ukihesabu kwa sauti huwezi kuibana. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha.

Lazima ninunue unga wa protini? (Mwanafunzi, Gulu)

Hapana. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili zinatosha: wa kilo 60 anahitaji kama 96 kwa siku. Yai lina 6, maharage makavu gramu 100 yana kama 21, na mukene (dagaa) mkavu takriban nusu ya uzito wake. Posho (ugali) peke yake haitakufikisha.

Nina watoto wadogo nyumbani. (Mukono)

Hatari kubwa ni vidole kati ya vyuma. Kuchomoa pini hakutoshi, maana chuma cha juu kinainuka bila pini. Zungusha mnyororo kwenye rundo na boriti ya chini, piga kufuli, na mishikio itolewe kwenye waya ili wasibembee.