Kabla Hujaongeza Volti: Niliyojifunza Nikijaribu Kugeuza Molekuli

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani molekuli ni sindano ya dira: ikipata uga wa umeme inageuka, basi. Niliongeza volti, kipimo kikabaki palepale. Nikaongeza tena, mpaka cheche ikaruka kati ya mabamba mawili na kuunguza kifaa.

Hesabu ya kuniokoa ilikuwa ya mistari miwili. Chukua molekuli ya maji, yenye upande chanya na upande hasi. Daipoli yake, yaani kipimo cha jinsi chanya na hasi zilivyotengana, ni debye 1.85 (kipimo kinachobeba jina la Peter Debye, aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 1936). Iweke kwenye uga wa volti 1,000,000 kwa mita, kama theluthi ya ule unaopasua hewa kwa cheche. Nishati ya uga kuigeuza haifiki sehemu 2 kati ya 1,000 za nishati ya joto inayoitikisa katika halijoto ya chumba. Uga unanong'ona, joto linapiga ngoma. Basi tafuta uwiano huo kabla hujagusa swichi, na ukiwa mdogo, punguza joto. Wanaoshughulika na gesi huichanganya na heliamu au agoni, kisha huisukuma kupitia tundu dogo hadi kwenye ombwe. Ikitanuka, mzunguko wa molekuli hupoa hadi kelvini chache, karibu na sifuri halisi.

Mimi sikuwa na pampu ya ombwe, nikahamia fuwele kimiminika, yaani kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kama za fuwele. Humo molekuli hufuatana kama kundi, ndiyo maana volti chache kwenye tabaka la mikromita kadhaa zinatosha. Huko nako niliumbuka, maana nilitumia betri. Baada ya muda athari ikafifia: ayoni (chembe zenye chaji) zilizokuwamo kama uchafu zilikusanyika kwenye elektrodi na kuukinga uga. Tumia mkondo geu, unaobadilisha upande mara kwa mara, hezi 1,000 hivi. Usihofu kwamba molekuli zitapinduka kila mara. Fuwele hizi hufuata mraba wa uga, hazijali chanya iko upande gani.

Na hapo ndipo tunapochanganya mambo. Kulaza molekuli sambamba ni jambo moja, kuelekeza vichwa vyote upande mmoja ni jingine, na fuwele za kawaida zitakupa lile la kwanza tu. Mwanga ukizimika kati ya polaraiza mbili zilizokingamana (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu), umeona mlalo umebadilika. Kuhusu vichwa hujajua kitu. Mimi nilikuwa nimeandika "mwelekeo" mahali pa "mlalo" daftari zima, ikabidi nirudi na kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa.