Kasogezwa mbele foleni ya figo kwa sababu ni mweusi?

SWALI: Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mombasa, anasubiri figo huko Minnesota, Marekani. Hospitali imemwandikia kwamba ameongezewa miezi 14 ya kusubiri kwa kuwa ni mtu mweusi. Majirani wanasema ni upendeleo. Mjomba naye anasubiri figo, mbona hajaongezewa hata siku moja?

JIBU: Alichorudishiwa mama ni siku zake mwenyewe. Marekani, siku za kusubiri huanza kuhesabiwa uchujaji wa figo ukishuka hadi mililita 20 kwa dakika, au mgonjwa anapoanza kusafishwa damu kwa mashine. Namba hiyo (kwenye majibu huandikwa eGFR) hukokotolewa kwa kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja), umri na jinsia. Kanuni ya hesabu hiyo ya mwaka 2009 ilikuwa na jambo la nne: mgonjwa akiwa mweusi, jibu lizidishwe mara 1.159.

Chukua 18. Ukizidisha unapata 20.9. Mzungu mwenye 18 keshaingia foleni, mama anaambiwa bado. Ili asomeke 20, ilibidi ashuke mpaka 17.3, na figo inayopoteza 2 kwa mwaka huchukua miezi kama 16 kutoka 20 hadi hapo. Wala kanuni haikuuliza umetoka Mombasa au Mississippi. Mzanzibari mwenye asili ya Oman angeweza kupata majibu mawili kwa damu ileile, kutegemea karani ametia tiki wapi.

Kanuni ya 2021 iliondoa kizidisho hicho. Mwaka 2022 mtandao wa taifa wa upandikizaji, OPTN, ulikataza kukitumia, na kuanzia Januari 2023 hospitali zikatakiwa kupekua mafaili na kurekebisha tarehe.

Mjomba amuulize mratibu wa upandikizaji kama faili lake limepitiwa. Huenda alianza mashine kabla hajapimwa na daktari wa figo. Basi tarehe ya mashine ndiyo yake. Kama sivyo, akusanye majibu ya zamani kutoka kila kliniki aliyopita. Maabara nyingi zilichapa mistari miwili, mmoja wa Wamarekani weusi na mmoja wa wengine. Wa juu ukisoma 22 na wa chini 19, karatasi hiyo ni ushahidi. Palipoandikwa kreatinini tupu, hospitali inaweza kukokotoa upya. Wengi hukwama hapa: kliniki ilibadili mfumo wa kompyuta, karatasi hazipatikani.

Tena siku pekee hazitoshi. Kundi la damu na kingamwili (askari wa mwili wanaoweza kuikataa figo mpya) pia huamua.

SWALI: Kwani ndivyo walivyofanya New Zealand kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa huko?

JIBU: La, ni kinyume chake. Mwaka 2023 Auckland ilipanga foleni ya upasuaji usio wa dharura kwa vigezo vitano: hali ya ugonjwa, muda wa kusubiri, mahali anapoishi mgonjwa, umaskini na kabila. Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki walipata uzito zaidi. Huko kabila liliingizwa kwenye hesabu, Marekani likatolewa. Asiyetaka rangi ihesabiwe hana sababu ya kuichukia barua ya mama mkwe wako. Septemba 2024 serikali mpya ya New Zealand iliagiza huduma za umma zitolewe kwa kuangalia mahitaji, si kabila.