Ngome ya Takeda: mawe matupu ndiyo ya kuendea

Wakuu, salaam. Mleta uzi ameuliza hivi: yuko Osaka, Japani, kwa kozi ya miezi 3, amebakiwa na Jumamosi moja ya kutembea, na wenzake wanamshauri aende Takeda kwenye ngome ya juu ya mlima. Anasita kwa sababu kila picha anayoiona ni mawe tu, hakuna jengo hata moja. Anataka kujua kama inafaa kumaliza siku nzima kwa ajili ya mawe.

Nilisoma Kobe miaka 2, na Takeda nimepanda mara 3. Mkuu, nenda. Naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaokwenda kule wanafuata ukungu wa kupigia picha, wakiukosa wanashuka wamenuna, na kile walichokikanyaga hawakukitazama.

Nianze na hilo la kukosa jengo. Ngome ya Osaka, hapo jirani yako, lile ghorofa la katikati lilijengwa 1931 kwa zege na ndani lina lifti. Ngome ya Himeji ni mbao za kale za kweli, ukipata siku ya pili usiiache. Takeda haikujengwa upya. Mbao zake zilikwisha zamani, mawe yamebaki juu ya mlima wa mita 353, kuta zimetandaa kama mita 400 kutoka kaskazini hadi kusini. Ukiweka kiganja pale, umegusa kazi ya fundi wa zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa 10. Nililala kijijini chini ya mlima, kwa sababu treni ya asubuhi kutoka Himeji haikufikishi kabla ya jua. Nyuma ya kituo cha Takeda kuna mahekalu yamepangana, na mfereji mwembamba wa maji safi unapita mbele yake. Hapo ndipo njia ya miguu inapoanzia. Unafungua geti la wavu la kuzuia kulungu na nguruwe mwitu, unalifunga nyuma yako, kisha unapanda. Ni dakika 40 hivi, ngazi na mizizi, na majani yaliyolowa yanateleza vibaya. Niliteleza mara 2 nikiwa na tochi mkononi, goti likachubuka. Vaa viatu vyenye meno.

Nilifika juu kunapambazuka. Ukungu haukuja. Usiku ulikuwa na mawingu, na ukungu wa pale unataka usiku usio na mawingu wenye baridi baada ya mchana wa joto kidogo, ndipo unyevu wa mto Maruyama unageuka kuwa wingu na kujaza bonde. Waliokuwa na kamera kubwa walianza kukunja vifaa vyao. Nami nilikuwa nashuka, mzee mmoja Mjapani aliyekuwa ameegemea ukuta akaniita kwa mkono. Kijapani changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini alisema polepole, akionyesha kila anachokitaja.

Alinipeleka kwenye pembe ya ukuta, akanionyesha jinsi mawe marefu yalivyopishana: moja limelala kuelekea huku, la juu yake limelala kuelekea kule, hivyo hivyo hadi juu, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumana. Halafu akaniambia niingize vidole kwenye mwanya. Ndani palikuwa baridi, na ncha za vidole zikagusa mawe madogo madogo yaliyojazwa nyuma. Hakuna saruji, hakuna chokaa. Mvua ikinyesha, maji yanapenya kwenye yale madogo na kutoka, ukuta haubebi uzito wa maji. Na jiwe kubwa unaloliona kwa nje ni uso wake tu, mkia wake mrefu umezama ndani ya mlima. Mtindo huu Wajapani wanauhusisha na mafundi wa Ano, kando ya Ziwa Biwa: jiwe linawekwa kama lilivyookotwa, halichongwi, kazi yote iko kwenye jicho la anayelichagua.

Wakuu, mimi nimekulia Kilwa Masoko. Utotoni tulivuka kwa mashua kwenda Kisiwani, tukicheza kwenye magofu ya msikiti mkuu na nyumba za masultani. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, na nimeona kwa macho yangu zinavyofanya: chokaa ikiliwa na mvua na chumvi, mizizi inaingia, ukuta unafumuka. Kusimama mbele ya ukuta usio na chokaa kabisa, uliokaa wima juu ya mlima wenye mvua na theluji, kulinigusa mahali ambapo picha ya ukungu isingefika. Nilibaki pale hadi saa 5 asubuhi.

Ukitembea mwenyewe utaelewa pia kwa nini njia ya kuingilia inapinda pinda. Unapita penye lango, unakutana uso kwa uso na ukuta. Unageuka, ukuta mwingine, na juu ya kuta zote kuna uwanja ambapo askari wangesimama na mishale. Mimi nilifika pale nahema, mikono mitupu, nikamfikiria aliyepanda na silaha.

Na kulikuwa na cha kupigania. Ngome ya kwanza inasemekana ilijengwa miaka ya 1440 kwa amri ya Yamana Sozen, bwana wa kivita wa eneo lile, na ukoo wa Otagaki ukapewa kuilinda. Mwaka 1577 jeshi la jemadari Hideyoshi, likiongozwa na mdogo wake Hidenaga, likaiteka. Karibu na hapo kuna Ikuno, mgodi wa madini ya fedha, na aliyeshika mlima huu alichungulia njia za bonde lote. Kuta za mawe tunazoziona zinahesabiwa kuwa za bwana wa mwisho, Akamatsu Hirohide. Mwaka 1600, baada ya vita vya Sekigahara vilivyoamua nani atawale Japani, alilaumiwa kwa kuchoma mji wa ngome ya Tottori akaamriwa kujiua. Ngome ikaachwa. Kuta zile hazikukaa sana na bwana wake, na hilo ndilo linalonikaa moyoni kila nikipita pale uwanja wa juu kabisa ulipo, jukwaa la mnara ambalo sasa halina mnara.

Sasa jambo la nidhamu, nalisema kwa uchungu. Jina la "ngome ya angani" lilipovuma, watu walijaa. Mwaka 2014 walipita laki 5. Nyasi zikafa kwa kukanyagwa, udongo ukaanza kuchukuliwa na mvua, vigae vya kale vilivyozikwa vikachomoza. Ndiyo maana leo kuna mikeka ya kupita na kamba. Usivuke kamba kwa ajili ya picha, na usipande ukutani. Udongo ule ndio unaoshikilia mawe.

Kwa safari yenyewe: kutoka Osaka nenda Himeji, panda reli ya Bantan, badilisha Teramae, maana nyaya za umeme zinaishia hapo na unaendelea na treni ya dizeli. Treni ni chache, piga picha ratiba ya kurudi kabla hujapanda mlima. Beba maji. Kiingilio nililipa yeni 500. Januari na Februari panafungwa, angalia tarehe zako. Ukitaka picha ya ngome ikielea juu ya mawingu, hiyo hupigwa Ritsuunkyo, mahali pa kutazamia kwenye mlima wa pili ng'ambo ya bonde, kati ya mwezi wa 9 mwishoni na mwanzo wa mwezi wa 12. Kwa Jumamosi moja, mimi ningechagua ngome yenyewe.

Ukungu niliupata safari ya 3, mwezi wa 11. Bonde lote lilikuwa jeupe, kijiji hakionekani, nami nimekaa karibu na ile pembe ya mzee. Kutoka chini ya wingu nikasikia treni ya dizeli inaingia kituoni, breki, kimya kidogo, kisha ikaondoka. Sikuiona kabisa.

Ukishaamua tarehe iweke hapa, nitakutazamia treni.