Si Kila Wimbo wa Rege Ni wa Bob

Meseji ni nyingi wiki hii. Za "nitumie nyimbo zote za Bob kwa WhatsApp" nimezifuta. Zilizobaki hizi hapa.

Kaka, Bob Marley alirekodi "Don't Worry, Be Happy" mwaka gani? (Temeke)

Hakurekodi. Ni wimbo wa Bobby McFerrin, Mmarekani, wa mwaka 1988. Bob alifariki tarehe 11 Mei 1981. Nimeshalijibu swali hili hadi nimechoka, na bado linarudi kama deni la dukani.

Najua linakotoka. Majuzi nilinunua flashi ya "Bob Marley, nyimbo 120" kwa kijana anayeuza pale stendi. Namba saba McFerrin. Namba tisa Inner Circle na "Bad Boys" yao. Mbele kidogo Eric Donaldson, "Cherry Oh Baby", wimbo ulioshinda shindano la taifa kule Jamaika mwaka 1971. Nilipomrudia kijana akanijibu, "Mzee, si wote marasta hao?" McFerrin hata rasta si rasta! Na tangu lini jina la faili likawa ushahidi?

Shikamoo. Mume wangu ameandika "No Woman No Cry" nyuma ya bajaji yake. Anasema maana yake usipokuwa na mwanamke huna cha kukuliza. Ni kweli? (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Si kweli, na mwambie afute au ajifunze. Hiyo ni patwa, Kiingereza cha mitaani cha Jamaika. "No" ya pili hapo ni "usi-" yetu: hapana, mama, usilie. Mwanamume anambembeleza mwanamke. Sasa mwenzio amembandika mwanamke kwenye bajaji kuwa ndiye chanzo cha machozi, na abiria wanacheka naye.

Angesikiliza ubeti angejua. Jamaa anakumbuka uwani Trenchtown, mtaa wa mafukara mjini Kingston, moto wa kuni umewashwa usiku, wanapika uji wa mahindi na kugawana. Uji wa sembe kabisa, huu huu wetu. Gari hana, ana miguu yake tu. Rafiki wengine wamepotea njiani, na yeye mwenyewe anakaribia kuondoka. Huyo ndiye wa kulalamikia wanawake?

Mtunzi aliyeandikwa ni Vincent Ford, rafiki yake Bob wa Trenchtown. Wimbo ulitoka kwanza kwenye albamu ya *Natty Dread* ya 1974, ukapita kimyakimya. Uliotamba ni ule uliorekodiwa jukwaani, ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975, ambao watu wanaanza kuuimba kabla ya Bob kufungua mdomo. Ukiusikia unaenda haraka na ngoma zake kama za mashine, basi ni ule wa studio. Wengi wanaodai wanaupenda wimbo huu hawajawahi kuusikia ule wa kwanza.

Lucky Dube ni wa Jamaika sehemu gani? Na "Slave" anaongelea biashara ya utumwa ya Zanzibar au ya Amerika? (Dodoma)

Afrika Kusini, alizaliwa Ermelo. Alianza na mbaqanga, muziki wa Kizulu, kabla ya kuhamia rege. Aliuawa na majambazi wa magari Johannesburg, Oktoba 2007.

Na "Slave" ya 1987 haihusu biashara yoyote ya watumwa. Ni mtumwa wa pombe. Anasema waziwazi, si kwa mafumbo. Nacheka kila nikiingia baa na kukuta watu wameinua chupa juu wanaimba kwa hisia, macho wamefumba, wimbo unaowasema wao wenyewe.

Ule msemo wa "nobody can stop reggae" waliotupigia wakati wa BBI ulitoka wapi? (Nakuru)

"Reggae Strong", Lucky Dube huyo huyo, albamu ya *Prisoner*, 1989. Wanasiasa wenu waliukopa kuinadi BBI, ule mpango wa kubadili katiba ya Kenya, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikausimamisha. Rege yenyewe iko palepale. Mwanasiasa akianza kunukuu rege, shika mfuko wako.

"Brigadier Sabari" ni nani? Ni mwanajeshi? (Bukoba)

Hapo umeuliza swali la maana. Brigadier ni cheo cha chini cha polisi kwa mtindo wa Kifaransa, usimfikirie brigedia jenerali. Sabari si jina lake. Ni neno la Kidioula, lugha ya Afrika Magharibi, lenye asili ya Kiarabu, ndugu kabisa wa subira na saburi zetu. Alpha Blondy, wa Ivory Coast, anamwomba askari: afande, subira, tafadhali. Wimbo ni wa 1982 na unasimulia msako wa polisi usiku mjini Abidjan, mtu anapigwa karibu kufa. Aliyewahi kukutwa barabarani na defenda saa nane usiku bila kitambulisho hahitaji tafsiri.

Wimbo bora wa UB40 si "Red Red Wine"? (Mwanza)

Bora, sijui. Wao si wenyewe. Aliutunga Neil Diamond, Mmarekani, miaka ya sitini, na Tony Tribe, Mjamaika, akaugeuza rege mwaka 1969. UB40, bendi ya Birmingham, Uingereza, wakaurudia 1983. Wanasimulia wenyewe kwamba walidhani huyo "N. Diamond" kwenye lebo ni Mjamaika fulani. Angalau wao lebo waliisoma.

"Buffalo Soldier" Bob aliimba kabla au baada ya kufa? (Hakutaja alipo)

Kabla. Ilitolewa 1983, miaka miwili baada ya kifo chake, kwenye albamu ya *Confrontation*. Askari wenyewe walikuwa weusi wa jeshi la Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na walitumwa kupigana na Wahindi Wekundu. Wimbo una uchungu huo ndani yake, mnauchezea harusini.

Mzee, wewe mwenyewe ni rasta? (Morogoro)

Nina kipara.