Mzee wetu wa redio anafutwa Wikipedia, nifanyeje?

SWALI: Kaka mhariri, habari za kazi. Mi naandika toka Tukuyu. Kuna mzee wetu mmoja mwanahabari, kaanzia redioni alafu akahamia magazetini, huku Rungwe mpaka Kyela sauti yake wanaijua wakubwa kwa wadogo, na mimi kazi kanifundisha yeye. Juzi nikamwandikia makala kwenye Wikipedia ya Kiingereza, nikaweka viungo kibao vya stori zake, haikupita hata wiki wakabandika bango juu kwamba ijadiliwe kufutwa, eti haionyeshi umuhimu wake. Imeniuma sana. Ina maana sisi waandishi wa mikoani sio watu? Ndaga fijo (asante sana). (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Mdogo wangu, pole, na hongera kwa kumkumbuka aliyekushika mkono. Ila tuanze na hivyo viungo maana tatizo lipo hapo hapo. Stori alizoandika mzee zinaonyesha kafanya kazi, basi, zenyewe hazimwongelei yeye. Nikisoma stori yake ya bei ya viazi Uyole najua bei ya viazi, sijui mzee kazaliwa wapi, kafundisha kina nani wala kabadilisha nini kwenye utangazaji wa huko. Wikipedia wanachouliza ni kitu kingine: nani mwingine, asiye ndugu yake, asiye mwajiri wake, asiyelipwa naye, amekaa akaandika habari zake kwa kirefu? Na wawe kadhaa, kwenye vyombo vyenye mhariri, sio posti ya Facebook. Gazeti lake mwenyewe likimsifu siku ya kustaafu halina uzito hapo, mahojiano anayojieleza mwenyewe nayo ni maneno yake tu, na kutajwa kwamba alikuwepo kwenye semina ndo kabisa.

Kwa wanahabari kuna mlango mwingine pia, yani kama kazi yake inanukuliwa sana na waandishi wenzake au watafiti, au kuna kazi yake kubwa ambayo wengine wameichambua sehemu tofauti tofauti. Tuzo inasaidia, mfano zile EJAT za Baraza la Habari, lakini hata hapo tafuta nani aliandika kuhusu huo ushindi.

Hilo la mikoani nakukatalia, na mfano upo jirani tu hapo Iringa. Daudi Mwangosi alikuwa mwandishi wa mkoani, wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, akauawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kwenye shughuli ya CHADEMA. Vyanzo vyake huhangaiki kuvitafuta: magazeti ya ndani na ya nje, matamko ya mashirika yanayotetea waandishi, kesi iliyoenda mpaka Mahakama Kuu Iringa na 2016 askari akahukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, na muungano wa klabu za waandishi, UTPC, ukaanzisha tuzo yenye jina lake. Na bado mchangiaji makini angeweza kuuliza, makala iwe ya mtu au ya tukio? Kwa sababu anayejulikana kwa tukio moja tu mara nyingi linaandikwa tukio. Mi naona kwa Mwangosi uzito unatosha kabisa, habari yake iliendelea kuandikwa miaka baada ya mazishi. Kinachoniuma ni kwamba sisi wenyewe wenye magazeti mwandishi wa mkoani tunamwandika akishapigwa au akishakufa, akiwa hai anachapa kazi hatuna nafasi naye, alafu tunaenda kuwalaumu Wikipedia ambao wao kazi yao ni kukusanya kilichokwisha andikwa.

Sasa fanya hivi. Vyanzo sio lazima viwe mtandaoni wala kwa Kiingereza, gazeti la karatasi la zamani la Kiswahili linakubalika ili mradi utaje jina la gazeti, tarehe, ukurasa na aliyeandika. Muulize mzee kama aliwahi kuandikwa kwenye Uhuru, Mzalendo au Mfanyakazi, hata kama anakumbuka mwaka tu inatosha kuanzia, alafu nenda maktaba ya mkoa Mbeya, ikishindikana maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanatunza magazeti ya zamani kwenye mkusanyo wao wa Afrika Mashariki. Angalia na tasnifu za wanafunzi waliotafiti redio, humo watu kama yeye huwa wanaongelewa, zile za udaktari ndo zenye nguvu zaidi.

Mjadala wa kufuta kwa kawaida unaenda siku 7, kwa hiyo ingia leo, sema wazi kwamba mzee ni mwalimu wako, kisha omba makala irudishwe kwenye rasimu wakati unatafuta. Na tafadhali usiwaite watu wa grupu la WhatsApp waje kuandika "ibaki, ibaki", hawahesabu vichwa pale, wanapima hoja na vyanzo, utamharibia mzee. Ukikosa kabisa vyanzo, iache ifutwe. Alafu mwandikie mzee makala ndefu, uongee na waliofanya naye kazi na waliokuwa wakimsikiliza, uilete hapa kwetu. Peke yake haitatosha, na wewe ni mwanafunzi wake, ila wengine watapata pa kuanzia.

SWALI: Mi ni mwandishi, nipo Iringa mjini. Kuna mtu anataka laki tatu aniandikie Wikipedia, anasema ana uhakika haitafutwa. Nimpe?

JIBU: Usimpe, dada yangu. Uhakika huo hana mtu, mchangiaji yeyote anaweza kupendekeza ifutwe kesho yake. Na anayeandika kwa malipo masharti yanamtaka atangaze nani kamlipa, sasa muulize kama atalitaja jina lako, uone atakujibu nini.